Baba Uliyesimama Kando ya Barafu

Baba yangu,

Shikamoo huko uliko. Ninakuandikia kutoka Guangzhou, huku China, katika nyumba yetu ile ile ya Sanyuanli, ghorofa ya tatu. Jumamosi iliyopita nilicheza mechi yangu ya mwisho. Magoti yamekataa. Miaka kumi na mmoja nimekula kwa kazi ya hoki ya barafuni, kazi ambayo nikiwatajia watu wa Unguja hunitaka niitaje tena ili wahakikishe wamesikia sawasawa. Mama alipopata habari kwamba nimestaafu alinipigia simu papo hapo. "Alhamdulillahi," akasema. "Na meno yako yote unayo?"

Ninayo, Baba. Yote kasoro moja, na hilo ulikuwepo lilipong'oka.

Nataka nikukumbushe siku ya kwanza, maana nadhani wewe uliiona kama siku ya kawaida tu. Nilikuwa na miaka saba. Ulikuwa ukinunua viatu kwenye soko la Zhanxi na kuvipeleka nyumbani kwa makontena, na siku ile ulikuwa na miadi mtaa wa Tianhe na mwenye kiwanda kimoja. Joto lilikuwa la kutoa roho. Tukaingia kwenye jengo la maduka kupoza mwili, na pale chini nikaona watoto wanateleza juu ya kitu cheupe.

"Baba, wamemwaga nini pale?"

"Maji yaliyoganda. Unataka kujaribu?"

Nikasema nataka. Ukaniambia niende, utanishikia ndara zangu. Ulizishika saa nzima, moja huku na moja huku. Yule mwenye kiwanda akapiga simu mara tatu, na mara ya tatu nikakusikia ukimjibu kwa Kichina chako cha sokoni: "Laoban, bosi wangu, nisubiri kidogo. Mwanangu anaanguka." Sijui kama biashara ile ilifanyika. Najua tulirudi pale wiki iliyofuata, na iliyofuata tena, hadi Kocha Lin, aliyekuwa akifundisha watoto hoki, akaniuliza kama nataka kushika gongo.

Maneno yalianza nilipofika miaka kumi na miwili. Ijumaa moja baada ya sala alikuja nyumbani Mzee Haji, aliyekuwa mkubwa wa Wazanzibari wote wa mtaa ule. Mama alimletea chai. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia la chumbani.

"Bwana Suleiman," akasema, "watu wanasema binti yako anacheza barafuni pamoja na wavulana. Mtoto wa Kiislamu! Sisi tunakustahi, ndiyo maana tumekuja kwako kwanza."

Uliinuka ukaleta begi langu, ukavitoa vitu kimoja kimoja na kuvipanga juu ya mkeka mbele yake. Kofia ngumu yenye wavu wa usoni. Kinga ya shingo. Pedi za kifua, za viwiko, za magoti. Suruali pana, soksi nene, glovu kubwa kama mito.

"Akivaa vyote hivi," ukamwambia, "mimi baba yake simtambui mpaka aniite. Sasa niambie, mzee wangu, katika Sanyuanli hii ni nani aliyejisitiri kumshinda Rahma?"

Mzee Haji alivitazama vitu vile, akainyanyua kofia kuupima uzito wake, akacheka mpaka chai ikamwagika kwenye kisahani. Hakuja tena kwa jambo hilo. Mama hakucheka. Mama aliogopa shingo yangu, na aliiogopa kwa miaka yote iliyofuata, lakini kila mechi alinifungia maandazi.

Na wewe ulikuwa na kelele, Baba! Wazazi wengine walipiga makofi. Wewe ulijua kwamba uwanja mzima hakuna mwingine anayekisikia Kiswahili ila mimi, ukajitwalia ukocha. "Rahma, kipa wao mzito wa kushoto! Mpige kushoto!" "Huyo wa namba nne kachoka, mzunguke!" Siku moja Kocha Lin alikuja kukueleza kwamba wazazi hawaruhusiwi kufundisha kutoka pembeni.

"Simfundishi," ukamwambia. "Namsalimia tu."

"Salamu gani ndefu hivyo?"

"Kwetu salamu ni ndefu."

Kocha alinitazama, nami nikainamisha kichwa ili asione ninavyocheka. Dakika mbili baadaye nikafunga goli, kushoto kwa kipa.

Lakini ninalotaka hasa kukushukuru ni lile la mwaka niliofikisha miaka kumi na minane. Tulipanda treni hadi kaskazini, kwenye mji wenye baridi ya kukata masikio, nikafanye majaribio katika timu ya wanawake ya kulipwa. Wageni walikuwa na nafasi mbili tu, na moja tayari alikuwa nayo msichana mrefu kutoka Kanada. Nilicheza siku tatu. Siku ya tatu wakabandika majina kwenye mlango wa chumba cha kubadilishia nguo. Nikayasoma kutoka juu hadi chini, kisha kutoka chini hadi juu. Langu halikuwepo.

Kwenye treni nikakuambia, "Naacha. Nitakusaidia kazi zako Zhanxi."

Ulimenya chungwa, ukanipa pande moja baada ya jingine mpaka likaisha. Nikadhani umekubali.

Siku ya tatu baada ya kurudi ukanishika mkono ukanipeleka Tianhe. Ulikuwa hujawahi kukanyaga barafu. Ukakodi viatu vya kutelezea, ukavifunga vibaya, nikakufungia upya. "Nifundishe," ukasema. Ulikuwa na miaka hamsini na mbili na kitambi, na watoto wa miaka mitano walikuwa wakikupita huku na huku. Ulianguka ukiwa na mimi, ukaanguka peke yako, ukaanguka umesimama hujaenda popote. Mara ya mwisho uliangukia mkono, na sote wawili tukasikia mlio.

Hospitali, walipokuwa wanakufunga plasta, nililia nikiomba radhi. Ukanikatiza.

"Sikiliza. Nilipokuwa nateleza ulikuwa ukiniambia nini?"

"Nilikuambia uinue macho."

"Mara ngapi?"

"Kila mara."

"Basi. Kule kaskazini ulicheza siku tatu ukitazama chini kwenye miguu yako. Nilikuona, lakini ningekuambiaje, mimi nisiyejua kusimama? Ungenijibu, Baba, wewe unajua nini? Sasa nimeanguka, nina ruhusa ya kusema. Inua macho, mwanangu. Ukishainua macho, wakikukataa tena, hapo uache."

Nilifanya mazoezi mwaka mzima. Nilirudi kaskazini peke yangu, kwa sababu ulisema ukija nitakutazama wewe. Kocha wa kule alinitazama vipindi viwili, akaniita pembeni. "Mwaka jana ulikuwa unaitafuta paki," akasema, akimaanisha kile kisahani cheusi tunachokigombania. "Mwaka huu unawatafuta wenzako." Akanisajili.

Miaka ile ilikuwa mizuri, Baba, hata ile migumu. Niliijua baridi hadi kope zikaota barafu. Nilifunga Ramadhani kati ya watu wasiojua Ramadhani ni nini, na mpishi wa timu, mama mmoja mkali asiyecheka na mtu, akawa ananiwekea supu ya mboga na mayai kwenye themosi ili nifuturu mara tu mazoezi yaishapo. Jino lilipong'oka kwa gongo la mtu, wewe ndiye uliyeliokota, ukalifunga kwenye leso, ukamficha Mama mwezi mzima.

Kisha figo zako zikaanza kuchoka, ukarudi Unguja pamoja na Mama. Ulinikataza kuja. Ilikuwa wiki ya mechi za mtoano Mama aliponipigia akasema, "Ukitaka kumwona, njoo." Nikamwendea kocha. Hakunificha kitu. "Nafasi yako nitampa mtu. Sina hakika kama nitaweza kukurudishia." Nikamwambia nimeelewa, nikaenda kufungasha.

Uliponiona mlangoni ulikasirika kweli.

"Umeacha mechi?"

"Nimeacha."

"Nani anacheza nafasi yako?"

"Yule mpya, Mei."

"Mei!" Ukajaribu kujiinua kwenye mto. "Mei hawezi kugeukia kulia!"

Tulikuwa na siku kumi na tisa. Mechi zote tuliziangalia kwenye simu yangu, nimeiegemeza kwenye jagi la maji, na wewe ukimpigia Mei kelele kana kwamba anakusikia. Timu ilifika fainali na ikafungwa. Ukaniambia ningekuwepo wangeshinda, nikakuambia si kweli, tukabishana mpaka Mama akaja kutunyamazisha. Ulifariki asubuhi baada ya sala, mkono wako ule uliovunjika barafuni, uliounga vibaya, ukiwa ndani ya mkono wangu. Wanaume wakakubeba. Mimi na Mama tukabaki ndani tukikunja shuka zako.

Nafasi yangu kweli ilikuwa imeondoka. Mwaka mzima nilikaa Guangzhou nikimsaidia Kocha Lin na watoto wake, hadi timu iliponiita tena, nikacheza misimu minne mingine. Watu huniuliza kama naijutia fainali ile. Sijawahi kuijutia hata siku moja. Ulinipa mchezo, kisha Mungu akanipa nafasi ya kuuweka chini kwa ajili yako, na vyote viwili nimevishukuru.

Mechi ya Jumamosi tulifungwa, manne kwa moja. Nilipiga mara tano, kipa akadaka zote. Filimbi ilipolia wenzangu walinipigia magongo kwenye barafu kuniaga, na badala ya kutoka nilipiga magoti katikati ya uwanja, nikakusomea Fatiha. Nahodha wetu, Jing, akaja taratibu akasimama karibu.

"Unamwombea nani?"

"Baba yangu."

"Alikuwa mchezaji?"

"Hapana. Alikuwa mfanyabiashara."

Akavua kofia. Wengine wakavua, hata timu iliyotufunga. Walisimama jasho likiwatoka, hawajui ninachosema wala ni kirefu kiasi gani, wakanisubiri hadi nilipopangusa uso kwa viganja. Ndipo tukatoka wote pamoja.

Nimekufikishia habari. Mungu akulaze pema, Baba. Nakushukuru.

Binti yako,
Rahma