Usiwatengee Askari Chai

Dada Zarina,

Nimeolewa. Nimeliandika neno hilo nikacheka peke yangu, kisha nikalia, maana wewe ndiye uliyekuwa unipake hina. Firoz ni mzuri, Dada. Anarudi kutoka kazini uwanja wa ndege amechoka hoi, lakini kila nikitaka kutoka ananipashia koti kwenye hita. Ananiita Malkia wa Hayes, mtaa wetu huu wa London. Nampenda mpaka naona haya.

Nakuandikia kwa Kiswahili chetu cha Kampala, kile tulichokuwa tukisema jikoni ili mama mkwe wako asielewe. Nikiseme na nani mwingine?

Chini yetu anakaa Rukhsana, mtu wa Jinja. Jana mchana mumewe alimpiga, tukasikia kupitia sakafu. Firoz akakimbilia kibanda cha simu. Wakaja askari wawili, nikashuka nao, wakavua kofia, wakamuuliza mbele ya mume huyo huyo: "Unataka tumkamate?" Mdomo umevimba. Akamtazama mumewe, akasema hapana. Kisha akasema, "Kaeni basi, mnywe chai."

Dada, nilishika ukuta. Ndivyo ulivyofanya wewe kwako Neasden, askari walipoitwa kwa sababu mumeo alikupiga. Vikombe vya harusi, tangawizi, biskuti kwenye sahani, kwa sababu Mama alitufunza mgeni haondoki na koo kavu. Wakanywa, wakaisifu chai, wakasema haya ni mambo ya mke na mume. Wiki haikuisha tukakuzika.

Nikawaambia hawa wa jana: msimwulize yeye, mchukueni tu. Mmoja akanijibu kwa upole, "Bibi, asipolalamika mwenyewe hatuwezi." Atalalamikaje, na mwanamume amesimama hapo? Wakashukuru, wakaenda zao.

Firoz anauliza, na wakimchukua, akirudi na hasira je? Sijui. Sijui, Dada. Najua wewe uliulizwa, ukajibu kwa adabu, ukafa. Tangu jana sili. Nasikiliza sakafu.

Leo mume alipotoka nilishuka, nikaufunga ufunguo wetu wa pili kwenye pindo la mtandio wa Rukhsana. Chumba chetu ni kimoja, lakini akikimbilia kwetu, Firoz amesema atalala sakafuni. Askari wakija tena, nitashuka kabla birika halijachemka, nizime jiko, nisimame mlangoni. Hakuna atakayekaa kitini mpaka mume yule atolewe. Nakuahidi.

Pumzika, dada yangu. Huko usimpikie mtu.

Mdogo wako,
Nasim