Kama bananiuliza kwetu ni wapi

Papa,

Madesu, maharagi yako, iko ku mbabula, usiache makala iikaushe. Mukate niliufunika na sahani. Chai yako niliirudisha mu thermos, juu uliiacha bila kunywa, na ni miye njo nilikukasirisha.

Nimeenda ku masomo, kule ku classe banaandikisha bantu juu ya uchaguzi. Mulongo inaanza mapema.

Asubui uliniuliza: "Kama banakuuliza kwenu ni wapi, utasema nini?" Nikajibu Ruashi, hapa kwetu Lubumbashi. Ukaweka kikombe chini, ukaingia mu chumba, ukafunga mulango. Papa, sikukukana. Nilizaliwa hapa. Ngandajika, kwenye ulitoka, naijua mu kinywa yako tu, wakati unaimba ukinyoa ndevu.

~~Nitasema Ruashi, basi.~~

Hapana, nimefuta. Banaandika yote mbili: kwenye naishi, na kwenye ulitoka. Ile ya pili, jina ya mugini ya nkambo, baba yako, kule Ngandajika, siijui muzuri. Kuya ku mulongo uiseme weye.

Tena karatasi yangu ya kuzaliwa ilioza na mvua, unajua. Banataka muntu mwenye karte ya électeur, ile ya kupigia kura, mwenye kunijua, ashuhudie. Leta yako, iko nyuma ya radio. Nakuwekea nafasi mu mulongo. Vaa kofia, jua itakuwa kali.

Na kama banakuuliza namna gani baamini niko mutoto wako, usibishane nabo. Simama tu pembeni yangu. Hii pua haina mugini ingine.

Mutoto wako wa kwanza,
Dorcelle