Bao Ambalo Mskoti Hakulifunga

Mjukuu wangu Nasra,

Assalaamu alaykum. Bibi yako hajambo, na mdogo wako kang'oka jino. Umeuliza kwa nini wazee wa Matrah bado tunamtaja yule askari wa Kiskoti aliyeichezea timu yetu ya mpira tulipohamia huku Omani kutoka Unguja, naye leo aking'ara, kesho anacheza kama kalala.

Siku ya fainali tulikuwa nyuma kwa bao moja, na mechi zetu zikimalizwa na adhana ya magharibi. Muadhini keshapanda juu. Mskoti akawapiga chenga mabeki, kipa akaanguka. Adhana ikaanza. Akaukanyaga mpira, akasimama, goli li wazi mbele yake.

Tulirudi tumemnunia. Mabao aliyofunga nimeyasahau, Nasra. Hilo alilolikataa bado nnaliona.

Babu yako