Hakuna Umeme Ofisini

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Mashine zimeanza kazi leo. Ofisi yetu ya kuandikisha watoto, kompyuta mbili mpya, waya kila mahali! Vitabu vya zamani vimefungiwa kabatini. Chef Barnabé, mkuu wa ofisi, alitoa hotuba, tukapiga makofi. Mimi nilipiga kuliko wote. Mnafiki.

Miaka yote hii watu wanaomba mwandiko wangu. "Papa Symphorien, uniandikie weye mwenyewe, mukono yako iko muzuri." Leo nilitafuta herufi M kwenye mashine mpaka baba wa mtoto akanionyesha kwa kidole. Sephora, binti aliyeletwa juzi kutoka Lubumbashi kutufundisha mashine, umri wa kitinda mimba wangu, akaniambia mbele ya watu: "Papa, pole pole, haiko na meno." Wakacheka. Hakuwa na ubaya, najua. Lakini niliona aibu mpaka masikio yakawa moto.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimefanya kitu.

Mimi ndiye ninayefungua ofisi asubuhi. Ufunguo wa kisanduku cha umeme nyuma ya mlango ni mimi ninao. Leo nikashusha swichi kuu. Tak! Nikafunga. Watu walipofika nikasema umeme hakuna: courant haiko. Nani atabisha, katika mji huu wa Likasi unaokatika umeme kila wiki? Waliguna tu, wakageuka. Hata Sephora hakuuliza, alichukua simu yake akaenda kukaa kivulini. Siku nzima nilikaa kama chef. Raha ya mwizi, lakini raha.

Simone ananiuliza nyumbani kazi ilikuwaje. Nikamwambia umeme umekatika. Akasema pole, mume wangu.

Jumanne, 14 Oktoba

Tena. Na jana. Na Ijumaa. Mkono umezoea.

Leo alikuja mama kijana, Reine, kutoka vijiji vya wavuvi kule ziwa Tshangalele. Alijifungua hapa mjini, kwa hiyo mtoto lazima aandikwe hapa. Kumbe alikuja wiki iliyopita pia, akarudishwa. Na siku tisini za sheria zinaisha Ijumaa hii! Zikipita, sisi hatuna ruhusa tena ya kumwandika. Ni kwenda mahakamani, tribunali, karatasi juu ya karatasi. Wengi wanachoka njiani na mtoto anabaki bila cheti. Najua vizuri. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwaeleza wazazi.

Nikamwambia courant haiko.

Ng'ambo ya barabara Isidore, fundi wa kuchomelea, alikuwa anaunga geti la chuma kwa umeme. Cheche zinaruka! Isidore nilimsahau kabisa. Reine akatazama cheche, akanitazama.

"Papa, lakini ile muntu anachomea na nini?"

Ulimi ukajibu wenyewe: "Aah, maman, yeye iko ku ligne ingine, waya ingine ya courant. Ya kwetu njo mubaya."

"Ah bon."

Akaamini. Akanishukuru, mimi! Akamfunga mtoto mgongoni, akaenda. Wazee husema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ina upana wa barabara moja tu, na bado nimepita salama. Ndicho kinachonichoma.

Alhamisi, 16 Oktoba

Chef amesema fundi ataitwa wiki ijayo. Anadhani Sephora aliharibu kitu alipounganisha mashine. Sephora alilia chooni, nilimsikia. Kesho napandisha swichi. Basi.

Ijumaa, 17 Oktoba

Nilipandisha! Mashine zikawaka, Sephora akaruka kwa furaha, akanikumbatia. Nikasimama mlangoni kumngoja Reine. Asubuhi, hakuja. Mchana, hakuja. Nilikataa kufunga mpaka mlinzi akanuna.

Nafika nyumbani, Simone ameweka samaki mezani. Wazuri, wa Tshangalele, alinunua jana sokoni kwa mama mmoja kijana mwenye mtoto mgongoni. Anasema walizungumza vizuri. Yule mama aliposikia Simone ni mke wa mtu wa ofisi ya vyeti, akauliza kama umeme umerudi, ili kesho apite. Simone akamjibu alivyosikia kwangu: bado, mama, usijisumbue, rudi nyumbani na mtoto.

Nilikula. Kila kipande nilikimeza bila kutafuna.

Jumapili, 19 Oktoba

Misa. Sikwenda kupokea komunyo. Simone aliona.

Jumatatu, 20 Oktoba

Naandika kazini, daftari juu ya magoti.

Reine amekuja. Sephora akaingiza tarehe ya kuzaliwa. Mashine ikakataa, maandishi mekundu: muda umepita. Akajaribu tena, hivyo hivyo. Zamani kalamu yangu ingerudisha nyuma kidogo tarehe ya kuandikishwa na mambo yangeisha. Reine naye alikuwa amesikia habari hizo. Aliniinamia akanong'ona: "Papa, uandike na mukono yako." Nikamwonyesha kabati lenye kufuli.

Sephora alikimbia kwa chef. Amerudi na jibu: kama kosa ni la ofisi na si la mama, chef atakwenda mwenyewe tribunali kumsemea mtoto. Lakini lazima mtu amweleze mashine zililala kwa sababu gani siku zote zile. Anamaliza simu, halafu anakuja kutuuliza hapa. Sephora amekaa, uso chini. Anajua atakayelaumiwa ni nani.

Wanawake kwenye benchi wameanza kelele. Bantu ya Serikali, bavivu, banakulaka bure! Mmoja ananinyooshea kidole. Ufunguo wa kisanduku uko mfukoni, unanichoma paja. Kusimama tu, Symphorien. Kusimama na kusema.

Nasikia mlango wa chef.

Reine amesimama kabla yangu. Mtoto ananyonya, yeye anawageukia wenzake kwa hasira, anapaza sauti mpaka ofisi nzima inasikia, na chef mlangoni:

"Mumuache papa! Haiko kosa yake. Ni ligne ya hapa njo mubaya, yeye mwenyewe aliniambia."