Kitambulisho Chako Kwa Tenda ya Dawa ya Maji

Kwako Mama,

Uko aje huko Ol Kalou? Magoti bado yanakusumbua na hii baridi? Ng'ombe alizaa ama bado? Mimi mwili niko sawa, lakini roho imechafuka. Nimeandika kwa karatasi juu nikipiga simu yako, Anko Gitau ndiye anaishika.

Unakumbuka vile ulisimama kanisani ukasema Wambui wako ameandikwa kazi ya ununuzi kwa kampuni ya maji huku Kitengela? Vijana wa huko sasa wananiuliza kama kuna nafasi. Ziko. Waambie wasome procurement, lakini waje na roho ngumu.

Jumanne tuliletewa dawa ya kusafisha maji. Mimi niko kwa kamati ya kukagua. Tusipoweka sahihi, mzigo haupokelewi. Mama Naserian wa stoo, yule hunisalimia kwa Kimaasai "Sopa" kila asubuhi, akafungua dramu. Dawa nzuri inakutoa machozi. Hii nilinusa nikaona ni kama unga wa ugali. Akakwaruza stika na ukucha, chini kulikuwa na ingine: ime-expire mwaka juzi.

"Woi! Na hii ndio watoto wangu wakunywe huko Kisaju?" Mama Naserian akauliza.

Nikatafuta faili nijue ni mshenzi gani ameleta. Tenda ilikuwa ya zile serikali imewekea kampuni za kina mama. Mwenye kampuni ni wewe, Mama. Kopi ya kitambulisho chako iko hapo, na sura yako.

Ile kopi Anko alichukua akisema ni ya mbolea ya serikali, sivyo? Nilipompigia hata hakukataa. "Weka sahihi, Wambui. Karo yako nililipa mimi. Ama unataka mama yako ashikwe?" Ptuu! Mtu mzima anauza uchafu akijificha nyuma ya dada yake!

Sikuweka. Nimeandika kwa ripoti ya kamati dawa haifai, na chini yake nikaandika mwenye kampuni ni mama yangu mzazi. Watakuja kukuuliza. Najua unaogopa polisi, na najua huyo ni ndugu yako. Usimfiche hata kidogo. Sema vile alikuambia kuhusu mbolea.

Nisalimie Baba, na Shosho, na shangazi wa kwaya. Anko usimsalimie.

Ni mimi kifungua mimba wako, niliyekushtaki nikikupenda,
Wambui