Picha za Mguu wa Mama

3 Machi

Mwanangu muuguzi,

Hujambo huko ugenini? Sisi tupo, ukiacha magoti yangu na mdomo wa mama yako. Kamera imefika. Nimeupiga picha mguu wake kama ulivyoagiza, na mwenye duka la picha amekutumia. Kaniuliza kama nilipiga nikiwa juu ya punda. Kidonda ni kidogo, usihangaike.

Baba yako

9 Machi

Shikamoo baba,

Natumaini mmeamka salama. Picha ni ukungu mtupu. Mgonjwa wa sukari haachiwi kidonda, lazima nione kama kidole kinageuka rangi. Msogeze mama dirishani. Bana viwiko ubavuni, bonyeza kitufe nusu, ngoja mraba wa kijani, zuia pumzi, ndipo umalizie. Ikishindikana, weka kamera juu ya kiti.

Mwanao

15 Machi

Marahaba mwanangu,

Nimezuia pumzi mpaka nikataka kumtangulia mama yako kaburini. Picha tano, zote ukungu. Mikono hii imeshika nyundo miaka arobaini, sasa hata kijiko kinanishinda. Mama yako anasema kidonda kinafunga, uchape kazi.

Baba yako

2 Aprili

Mwanangu,

Leo sina salamu ndefu, nimechoka. Mikono yangu haina ugonjwa. Kamera nilikuwa naitikisa makusudi. Mama yako aliniapisha: ukiuona mguu utaacha kazi uje, na kibali cha kuishi huko ndiyo kwanza umekipata. Miaka yote ya ndoa sijawahi kumtii, nikaanzia pabaya. Mchana huu kasinzia. Nimeweka kamera juu ya kiti, nikafuata yote uliyosema. Utaona hadi ukucha. Kidole ni cheusi, na kinanuka. Nimpeleke au ningoje?

Baba yako

2 Aprili

Baba, nimeona. Mpeleke hospitali sasa hivi. Akikataa, mbebe hivyohivyo anavyokataa.

Mwanao

11 Aprili

Mwanangu,

Salamu zako zimefika. Wamekata vidole viwili, mguu wamemwachia. Daktari kasema tungechelewa wiki moja, tungekuwa tunazungumzia goti. Baki kazini, huku nipo mimi.

Tangu siku ile nilipovunja kiapo, mama yako haongei nami. Nesi kaniuliza kama mke wangu ni bubu, nikamwambia asiniombee mabaya mengine. Leo tumerudi nyumbani. Nimemletea bandeji, akageukia ukutani. Nikakaa. Baadaye akautoa mguu nje ya shuka, akaninyooshea.

Nimechoka, mwanangu, lakini nimeufunga vizuri.

Baba yako