Vijidudu vya Baba Sae-byeol

Mwaka umekatika, Baba Sae-byeol, tangu moyo wako uliposimama ghafla ukiwa kazini hapa Incheon. Bado tunakutengea bakuli la wali mezani, kisha tunakumbuka.

Ulikuwa mpole mno. Kila ulipokwenda Ncha ya Kusini ulirudi na midomo iliyopasuka kwa baridi na vichupa vya udongo, zawadi huna. "Humu mna bakteria ambayo haijapewa jina na mtu yeyote," ulituambia, ukicheka mwenyewe. Ukailea kwa miaka, maana ilikua polepole kuliko hata mtoto.

Kiangazi cha mwaka jana jokofu la maabara liliharibika. Ukavileta nyumbani visahani vyako vya kuoteshea bakteria, ukavificha kwenye friji ambamo mama yako huhifadhi kimchi, kabichi zake za kuchachushwa. Akavigundua.

"Gwang-rok, unaniwekea uchafu karibu na kabichi zangu?"

"Mama, friji ya maabara haifui dafu mbele ya hii yako. Nisitiri."

Alinuna, lakini alisogeza vyombo vyake.

Mwezi uliofuata ukatutoka. Ulipofika msimu wa kutengeneza kimchi ya majira ya baridi, mama yako alikataza friji ile isifunguliwe. Akanunua kimchi sokoni, yeye aliyekuwa akiwacheka wanaonunua. Majirani wakamtania, "Bibi Ok-sun, siku hizi umekuwa tajiri, eti?" Alituambia sisi tu, "Kazi ya mwanangu imo humo."

Theluji ilipoyeyuka, mwenzako wa maabara Du-ri alikuja hapa akilia. Bakteria yote iliyobaki maabara ilikuwa imekufa, na isipokuwapo iliyo hai, jina halikubaliwi. Jasho lako lote lingepotea hivi hivi. Mama yako akamshika mkono, akampeleka jikoni, akaifungua friji ile.

Mwezi huu jina limekubaliwa. Du-ri alituletea kisahani tuone, kina vidoa vidogo vya rangi ya waridi. Sae-byeol alipiga makofi. Mama yako alikitazama, akasema, "Hivi viko hai. Mwanangu mbona hayupo?"

Tulilia sote, na tunapoandika haya bado tunalia.

Unakumbukwa na mama yako Ban Ok-sun, mkeo Hye-rang, binti yako Sae-byeol, dada yako Mi-ok na mumewe, na wenzako wa maabara. Hutatutoka moyoni, Eom Gwang-rok, maadamu tuko hai.